Nyonga ya kubana, isiyo na simenti: tathmini ya fundi wa mashine za kusaga

Kwa mwenye haraka: kifaa chenyewe nakipa nyota nne na nusu, daktari aliyekiweka nampa tano, na huduma ya baada ya kutoka wodini naipa mbili, tena hizo mbili ni za sista mmoja wa zamu ya usiku. Mwaka umeshapita tangu niwekewe nyonga bandia upande wa kulia hapa Dodoma. Magongo ya kutembelea nimeyaacha na kazini nimerudi. Watu wananipigia simu kuuliza bei na kama inauma sana. Hayo nitayagusa. Ila kuna swali ambalo hawaniulizi, na kwa mtazamo wangu wa kifundi ndilo lenyewe: kile chuma kimeshikwa na nini kabla mfupa haujakishika?

Kazi yangu ni mashine za kusaga na kukoboa. Nahudumia Majengo, Nkuhungu, Chang'ombe, na msimu wa mavuno nahamia Kibaigwa, maana kule mashine moja ikilala siku nzima mwenye mali anaweza kukukata kichwa. Nyonga yangu iliharibiwa na ajali ya pikipiki ya zamani, barabara ya Kondoa. Tundu la nyonga lilipasuka, likaunga, lakini gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, haikurudi. Miaka ikaenda, mfupa ukasaga mfupa, mpaka ikafika mahali soksi ya kulia navalishwa na mke wangu na kulala ni upande mmoja tu. Dawa za maumivu nilizimeza mpaka tumbo likanigomea.

Daktari aliponiambia ni ya kubadilisha, alitoa sampuli kwenye droo. Vipande ni vinne. Kuna kikombe cha titani kinachokaa kwenye tundu la nyonga, na ndani yake bitana ya plastiki ngumu. Kuna kichwa cha duara, changu ni cha kauri. Halafu kuna shina la titani linalozamishwa ndani ya mfupa wa paja. Mgongo wa kikombe na sehemu ya juu ya shina havikung'arishwa, vina vitundu vidogo vidogo. Nikapitisha kucha, ikakwama. Shina langu lina na koti jembamba la haidroksiapatiti, madini ya jamii ile ile inayoupa mfupa ugumu wake. Mfupa ukikutana nalo unalizoea upesi.

Nyonga ya simenti ni habari nyingine. Hiyo ndiyo iliyoanza kuaminika duniani, tangu John Charnley alipoirekebisha pale Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, na mpaka leo inafanya kazi vizuri. Simenti yake si ile ya mfuko wa kilo hamsini. Ni unga na kimiminika vinavyokorogwa pale pale chumba cha upasuaji, vinajaza nafasi kati ya chuma na mfupa, na kwa dakika kumi hivi vimeganda. Mgonjwa anatoka mezani chuma chake kimeshikwa tayari. Mimi nilikuwa bado na nguvu na mfupa mzito, daktari akashauri isiyo na simenti: chuma kinabanwa kwenye mfupa, kisha mfupa wenyewe unaota na kuingia kwenye vile vitundu. Kwamba mfupa hai unaweza kung'ang'ania titani, Waswidi ndio waliolibaini miaka ya 1950, mtafiti aitwaye Brånemark akichunguza mifupa ya sungura. Ukiota vizuri hakuna simenti ya kuja kumomonyoka baadaye. Lakini kuota kunataka wiki nyingi, na nyonga inaanza kubeba mtu kesho yake. Hapo katikati ndipo pa kuangalia.

Kabla ya upasuaji nikapata karaha ya kwanza. Nimeshafunga kula tangu usiku, nimeshavaa gauni lile la kufungwa mgongoni, naambiwa leo hakuna: sanduku la vifaa kutoka Dar limekuja pungufu, baadhi ya saizi hazipo. Ndugu zangu walichemka. Mimi sikuchemka, nilifurahi kimoyomoyo. Nyonga ya kubana bila saizi zote mezani ni kubahatisha. Daktari hajui kwa hakika saizi gani itakaa mpaka afike ndani ya mfupa. Picha ya eksirei inampa makadirio tu. Akikosa namba anayoitaka, atalazimika kuweka ndogo itakayopwaya au kubwa itakayopasua. Wamiliki wa hospitali wajue hilo linawahusu wao na msambazaji, si mgonjwa aliyelala na njaa. Kuhusu daktari kukataa kuendelea, hapo nilimwongezea heshima. Safari ya pili kijana wa kampuni alikuja na treni ya asubuhi, sanduku limejaa.

Nilichomwa ganzi ya mgongoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikuwa na habari, ila masikio yalikuwa kazini. Mbele ya macho yangu kuna kitambaa cha kijani, nyuma yake watu wanazungumza kwa utulivu na nyundo inapiga. Shina haliingizwi moja kwa moja. Kwanza wanapitisha tupa zenye umbo la shina, wanaanza na ndogo, wanapanda saizi moja moja, kila tupa inapanua njia kidogo. Tupa za mwanzo zilitoa mlio mzito, uliojaa upepo: du, du, du. Zilivyopanda saizi mlio nao ukapanda. Ya mwisho ilipozama ukawa mkavu na mwembamba, ti, ti, ti, na nikajua hata nyundo ikiongezwa haisogei tena.

Nikasema, "Dokta, hiyo imekaa."

Pakawa kimya. Halafu nikasikia anacheka nyuma ya kitambaa. "Mzee, nani kakwambia?"

Nimeambiwa na beringi. Kwenye mashine ya kusaga, tundu la hausingi, ile nyumba ya chuma inayoishika beringi, unaliacha dogo kidogo kuliko beringi yenyewe, kisha unaipiga taratibu kwa bomba, mzunguko mzima, na ikifika chini mlio unabadilika. Tundu likiwa kubwa, beringi itazunguka ndani ya hausingi na kuila mpaka shafti ianze kucheza. Ukizidisha mbano, hausingi ya chuma cha kumimina inatoa ufa. Daktari alinithibitishia wodini kwamba wao pia wanausikiliza mlio ule, na kwamba hesabu yao ni hiyo hiyo: tundu la kikombe huchongwa dogo kuliko kikombe kwa milimita moja au mbili, mfupa unatanuka kidogo kukipokea, kisha unakikaba. Wakizidisha, mfupa unapasuka mezani. Wakihisi kikombe hakijakabwa vya kutosha wanaongeza skrubu. Mimi nimewekewa mbili, kwa sababu ya ule mpasuko wa zamani.

Tofauti yake ni kwamba hausingi haioti, mfupa unaota. Na kwa upande wa pili, mfupa ukikaa chini ya mbano unalegea kidogo, hausukumi siku zote kwa nguvu ile ya siku ya kwanza. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mbano wa nyundo unapungua na mshiko wa mfupa unaoota bado haujatosha. Madaktari wanauita uthabiti wa mwanzo na uthabiti wa pili. Mgonjwa anaishi kwenye pengo la katikati, na hajisikii kama yumo kwenye pengo lolote.

Nilipoweza kufika karakana, mkono wangu ulienda moja kwa moja kwenye filageji, ile seti ya vibamba vyembamba vya kupimia nafasi za valvu. Nikachomoa kile kilichoandikwa 0.15. Hizo ni milimita, sawa na mikromita 150. Majaribio yaliyofanywa kwa wanyama miaka ya 1980 na 1990 yalionyesha kwamba chuma kikicheza kiasi hicho au zaidi kila mguu unapokanyaga, mfupa hauingii kwenye vitundu; mwili unatandaza utando wa nyuzinyuzi badala yake, na utando haubebi mtu, unauma tu. Kikicheza chini ya mikromita kama 50, mfupa unapita na kuota. Nikachomoa na kibamba cha 0.05. Kimepinda kwa pumzi yangu. Nikaviweka viwili sambamba juu ya meza na kumwita kijana wangu wa kazi aje aone: tofauti ya hapa na hapa ndiyo nyonga ya bosi wako. Akasema, "Basi bosi kaa chini." Kijana ana akili.

Sasa mzigo. Watafiti wa Berlin waliwahi kuweka vipimo ndani ya nyonga bandia za watu wanaotembea, wakakuta hatua ya kawaida tu inaikandamiza nyonga kwa karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, kwa sababu misuli nayo inavuta. Mtu akijikwaa, ilifika mara saba na kupita. Mimi nina kilo themanini na ushee. Piga hesabu mwenyewe, halafu ukumbuke njia zetu za mitaani Nkuhungu baada ya mvua, zilivyochimbika makorongo. Tena kuna kitu kibaya kuliko kukandamizwa, nacho ni kusokotwa. Ukipanda ngazi, au ukiinuka kutoka kwenye kiti kifupi, goti likiwa limekunjwa, mzigo unalisukuma shina kutoka mbele kwenda nyuma na kulizungusha ndani ya mfupa.

Daktari wangu aliniamuru magongo mawili na nusu uzito kwa wiki sita. Wapo madaktari wanaoruhusu mtu akanyage kadiri anavyoweza tangu mwanzo, na kwa shina lililokaa vizuri kwenye mfupa mzuri wana hoja. Wangu alikuwa anaufikiria ule mpasuko wa zamani. Fuata wa kwako. Ugumu wake ni kwamba maumivu yale ya miaka yanaondoka mapema mno. Ile nyonga iliyokuwa inakesha inakulilia haipo tena, imekatwa, imetupwa. Kilichobaki ni kidonda, nacho kinapoa. Wiki chache tu mtu unajiona umepona, na majirani wanakuchochea: "Mzee bado magongo? Unajidekeza!" Binti yangu alichukua funguo za pikipiki akaenda nazo kazini kwake Mtumba. Hakuniaga. Nilinuna, lakini sikumpigia.

Hapa kwetu mtihani mkubwa si ngazi, ni choo na msiba. Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa kunaisokota nyonga mpya, na pia kunaweza kuichomoa, kile kichwa cha kauri kikaruka nje ya kikombe, maana misuli na mfuko wa nyonga uliokatwa bado haujashika. Maelekezo ya hospitali yalisema "epuka kukunja nyonga kupita nyuzi tisini" na kuishia hapo. Mtu wa Bahi au Mpwapwa aepuke vipi? Mimi nilichora kiti kabla sijaenda kulazwa, nikachomelea: skwea paipu ya inchi moja, miguu imetanuliwa chini isipinduke, kimo kimepita goti langu kwa vidole vitatu, juu kifuniko cha choo cha kukalia kilichobaki kwenye ujenzi wa mtu, na raba za magongo kwenye miguu yote minne ili kisiteleze kwenye sakafu yenye maji. Kikawekwa juu ya tundu. Hospitali ingeweza kuwa na hata kumi vya kuazimisha. Kazi ya kuchomelea ni ya nusu siku.

Msibani ndiko nilikosemwa. Wanaume wote mkekani, wazee kwenye vigoda, mimi naomba kiti kirefu. Mjomba mmoja akaniamkia "Mbukwa, mheshimiwa" mbele za watu. Nikacheka naye, nikakaa.

Nirudi kwenye zile nyota mbili. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa mistari miwili ya kidaktari, kwa Kiingereza, na sahihi. Mtu wa mazoezi alikuja kitandani, akanionyesha namna ya kushika magongo, akanipandisha ngazi tatu na kunishusha (mguu mzima ndio unaotangulia kupanda, mgonjwa ndio unaotangulia kushuka), akaondoka, na sikumwona tena. Alinifaa sana kwa muda ule mfupi. Kwa nini awe mmoja kwa wodi nzima? Kliniki ya mifupa, pale tunapongojea, mabenchi yako chini kiasi kwamba magoti yanafika kifuani. Tumekatazwa kukaa chini, tunakalishwa chini. Nilisimama na magongo yangu saa nzima, na kina mama wawili wenye nyonga kama yangu wamesimama pembeni yangu.

Tena kuna suala la stika. Kila kipande cha nyonga kinakuja na stika yenye jina la kiwandani, saizi na namba ya toleo, na inabandikwa kwenye faili. Nikaomba nakala. Dirishani nikajibiwa, "Baba, hiyo ni mali ya hospitali." Mashine yoyote ninayoihudumia ina kibati cha namba, na mwenye mashine anaruhusiwa kukisoma, ila mwenye nyonga haruhusiwi. Yule sista wa usiku ndiye aliyenifungulia faili mbele yangu nikapiga picha kwa simu. Usidharau hili. Baada ya miaka bitana inaweza kulika, ikahitaji kubadilishwa peke yake, na daktari wa siku hiyo, pengine yuko Mwanza au Dar, lazima ajue ni ya nani na saizi gani. Vya kampuni moja havikubaliani na vya nyingine.

Je, nakishauri kifaa hiki kwa kila mtu? Hapana. Mama mkwe wangu, bibi wa Bahi, alianguka uani akavunjika shingo ya paja. Yeye walimwekea nusu nyonga ya simenti, yaani shina na kichwa tu bila kikombe, na nilipouliza mbona mimi nilinyimwa simenti na yeye kapewa, nikaelezwa vizuri. Mfupa wake umekuwa mwepesi, ukuta mwembamba, ndani pana. Kulipigia shina la kubana kwenye mfupa ule ni kukaribisha ufa, mezani au wiki chache baadaye. Rejista za nchi zinazohesabu nyonga zote, Sweden tangu 1979 na nyingine baada yake, zimeonyesha kuwa kwa wazee sana shina la simenti linaleta mivunjiko michache ya mapema. Kesho yake bibi alisimamishwa. Kwa hiyo akija mtu kukwambia isiyo na simenti ndiyo ya kisasa na ya simenti imepitwa na wakati, mwache aseme. Daktari anayeutazama mfupa wako kwanza ndiye wa kumsikiliza.

Nusu nyota niliyokinyima kifaa ni ya paja. Miezi ya mwanzo, nikiinuka kwenye kiti, hatua mbili tatu za kwanza zilikuwa na maumivu katikati ya paja, pale ncha ya shina inapoishia. Wengine wanayapata, wengine hapana, na ni ya shina hizi za kubana zaidi kuliko za simenti. Daktari alizipanga picha mbili ubaoni, ya wodini na mpya, akapima kwa rula kutoka alama ya mfupa hadi bega la shina. Shina halijashuka. Lingekuwa limeshuka milimita kadhaa na linaendelea kushuka, ingekuwa kesi nyingine. Maumivu yakaisha yenyewe taratibu. Yakikuzidi badala ya kupungua, mguu ukaanza kuwa mfupi, au ukachechemea upya, rudi na picha yako ya kwanza mkononi. Hiyo picha ya kwanza itunze usiipoteze, bila hiyo daktari hana cha kulinganisha.

Bei: mimi ankara zilikuwa mbili, ya upasuaji na wodi, na ya kifaa, na ya kifaa ndiyo iliyonikausha. Wenye bima waulize waziwazi kama kadi inalipia chuma chenyewe au kitanda tu. Waulize pia, kabla ya kufunga kula, kama sanduku limekuja na saizi zote. Mpokezi atakushangaa, muulize hivyo hivyo.

Kile kiti cha choo bado kipo. Sasa hivi kiko kwa mzee mmoja Ipagala. Akikirudisha, anayekihitaji aje na bajaji yake, mimi sibebi vitu vizito.